Hakuna Aliyefika Ukurasa wa 480

Felicitas alitunza maktaba ya kiwanda kimoja cha nguo kule Chang'ombe kwa miaka kumi na mitatu. Maktaba yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya stoo ya majora, chenye makabati manne na meza ndefu. Watu waliingia kusoma gazeti, kurasa za mpira kwanza na matangazo ya vifo baadaye, kisha wakaenda zao. Yeye alikuwa na kitabu chake. Kiliitwa Nchi ya Chini ya Ziwa, hadithi ya kubuni ya kurasa mia sita na arobaini. Nakala moja ilikuja kwanza, peke yake ndani ya bahasha, na hiyo akaifanya yake. Mwaka 1983, enzi elimu ya watu wazima ikiwa bado na nguvu, kiwanda kikaletewa nyingine ishirini na nne.

Ile ya kwanza aliisoma mwaka aliomzika Albano, mwanawe wa miaka minne. Nyumbani hakuna aliyelitaja tena jina la mtoto, na mumewe ndiye aliyelikwepa kuliko wote. Kumbe ndani ya kitabu mlikuwa na msichana aitwaye Nyanzala, ambaye kaka yake ameibiwa jina na watu waishio chini ya ziwa. Mtu akishaibiwa jina, mama yake mzazi hamkumbuki, naye mwenyewe anaanza kuchuja kama kitenge cha zamani. Nyanzala anaingia majini kulifuata jina hilo. Anapita nchi ambako mvua hulipiwa kwa kumbukumbu, anapita mji wa watu waliouza vivuli vyao, na njia nzima amebeba kibuyu kitupu cha kulirudishia jina. Felicitas alisoma akilia, akamaliza, akaanza upya. Tangu hapo akawa na kiu ya kumpata mtu mmoja wa kuzungumza naye habari za Nyanzala. Mmoja tu.

Hakumpata.

"Mama, hiki kitabu au tofali?" vijana wa mitambo walimuuliza.

"Jaribu kurasa tano tu."

"Nikimaliza hiki si nitakuwa nimeshastaafu?"

Wengine walikiazima kwa kumstahi, wakakirudisha baada ya wiki mbili wakisema ni kizuri sana. Alipowauliza wamemwonaje Nyanzala, walitazama pembeni.

Mwaka 1993 kiwanda kikapata mwekezaji. Felicitas, ambaye kwa wakati huo alikuwa mjane, alikuwemo kwenye orodha ya kwanza ya waliopunguzwa. Meneja mpya alitaka kile chumba kiwe cha vipuri, akamwambia achukue apendacho, kinachobaki kitachomwa. Alibeba nakala zake zote kwa mkokoteni hadi Keko Machungwa, alikokuwa akiishi na bintiye Jovina. Jovina alikuwa msusi, na siku hizo alikuwa ameokoka.

"Mama, hayo ni majini. Siyataki ndani."

"Ni hadithi, mwanangu."

"Watu wa chini ya ziwa ni kina nani kama si majini?"

Vitabu vikahamia jiko la uani, ndani ya maboksi, karibu na mkaa.

Felicitas akafungua genge mbele ya nyumba. Huku akifunga mchicha na kupanga nyanya, alikuwa akimsimulia mteja habari za mji wa waliouza vivuli, na mteja alikuwa akitikisa kichwa na kuulizia vitunguu. Alijua anakosea. Alisimulia mno, sauti ikampanda, na watu wakamwona kama mwenye shida fulani. Waliokuwa na nafasi ya kukaa jioni walikwenda kwenye banda la video kutazama ngumi. Kwa Mwalimu Gibson alijaribu kuwa mwangalifu. Mwalimu huyo alifundisha Kiswahili sekondari na aliishi Mtoni. Felicitas aliona si heshima kumpa nakala iliyotafunwa na panya, akampa ile yake mwenyewe, safi, yenye jina lake ndani ya jalada.

"Tatizo la hadithi hizi, mama, hazigusi hali halisi ya jamii," Gibson alisema akikipima uzito kwa kiganja. "Lakini nitaipitia."

Faraji hakuwa hata na sababu ya kushawishiwa. Alikuwa fundi wa makochi, karakana yake ikiwa kando ya barabara, na kila asubuhi alipita kununua nyanya mbili na kitunguu. Shule aliishia darasa la nne.

"Humu mna fundi seremala," Felicitas alimwambia siku moja, bila kutazamia kitu.

"Anatengeneza nini?"

"Milango. Ya nyumba zisizokuwepo."

"Na wateja anao?"

"Chukua uone mwenyewe, fundi."

Faraji alicheka, akaondoka nacho kwapani. Zikapita siku tisa. Siku ya kumi alisimama mbele ya genge amekunja uso.

"Shikamoo mama. Hivi yule msichana ana akili kweli? Yule bibi wa darajani anamwamini wa nini?"

Felicitas alikuwa ameshika fungu la bamia. Aliliweka chini taratibu. Akamtazama yule mwanamume mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi. Tangu lilipofukiwa lile kaburi dogo la Albano hakuna mtu aliyewahi kumkasirikia Nyanzala mbele yake.

Ikawa ndiyo desturi yao kwa mwaka mzima na zaidi. Faraji alisoma ukurasa mmoja kwa siku, siku nyingine mmoja na nusu, kidole chini ya mstari, midomo ikicheza. Asubuhi walibishana. Alisema yule fundi wa milango hajui kazi, kwa sababu mninga hauchongwi mbichi. Alisema mvua ikilipiwa kwa kumbukumbu, yeye angetoa ile ya siku aliyoachwa na treni. Felicitas alikuwa akicheka hadi wateja wakangoja.

Kisha Faraji akaanza kukonda. Miaka ile mtu akikonda pale mtaani, watu waliacha kumuuliza hali. Makochi yalipungua, wateja wakahamia karakana ya pili, naye akabaki kwenye benchi lake na kitabu. Sasa alisoma kurasa tatu, hata nne kwa siku. Felicitas aliliona hilo.

Asubuhi moja mwaka 1996 alifika akihema.

"Mama, umenipa kitabu kibovu."

Alimfunulia. Baada ya ukurasa wa 480, Nyanzala akiwa amesimama kwenye lango la ziwa na mkono kwenye kizibo cha kibuyu, kitabu kilirudi ukurasa wa 321, kikaendelea na kurasa zilezile hadi 480 tena. Hapo likaja jalada.

Felicitas alikimbia jikoni, akafungua boksi, akafunua ya kwanza. 480, kisha 321. Akafunua ya pili. Alizifunua zote ishirini na tatu, akizitupa sakafuni moja baada ya nyingine, na zote zilikuwa hivyo. Alikaa kwenye gunia la mkaa. Vitabu vile vilikuwa vimeazimwa mara mia moja na ishirini kwa hesabu ya rejista yake, na kwa miaka kumi na mitatu hakuna aliyewahi kuja kulalamika. Hakuna hata mmoja aliyefika.

Mchana uleule alikwenda Mtoni kuifuata nakala yake, iliyokuwa kamili. Mwalimu Gibson hakuwepo, alikuwepo mkewe, Sekela.

"Kile kinene? Jamani, mama, nisamehe. Nauzaga karanga, karatasi zake zilikuwa nzuri kufungia."

"Zote?"

"Zimeisha tangu mwaka jana. Jalada nadhani lipo."

"Mwalimu alikisoma?"

Sekela alicheka kidogo kwa aibu. "Mwalimu akirudi ni televisheni, mama."

Alizunguka siku nne. Ofisi ya mchapishaji ilikuwa sasa duka la mitumba, na waliokuwemo hawakujua palikuwa na nini kabla. Maktaba mbili alizoingia hazikuwa nacho.

"Basi nisimulie tu," Faraji alimwambia. Sasa alikuwa akilala kutwa, mkewe Zubeda akimgeuza upande huu na huu. "Alikifungua au hakukifungua?"

Ningoje nikuandikie, Felicitas alimjibu, usome mwenyewe kama ulivyosoma kwingine. Aliamini anamheshimu. Alinunua daftari kubwa, akakaa nyuma ya genge na kalamu. Hapo ndipo alipopata pigo lenyewe. Alikumbuka alivyolia mwishoni, lakini kilichomliza hakukikumbuka sawasawa. Nyanzala alifungua kizibo, au alikivunja kibuyu langoni? Kaka alimtambua? Aliandika hivi, akafuta, akaandika vile. Kila alipokuwa na uhakika wa sentensi, aligundua ni yake mwenyewe, aliyoizoea kwa kuwasimulia wanunuzi wa mchicha. Wiki tatu zikapita hivyo.

Alipofika na daftari, Faraji hakuweza tena kushika kitu. Felicitas akamsomea. Alisoma kurasa mbili, na Faraji akafumbua macho.

"Mama, hayo umetunga wewe."

"Ndivyo kilivyo, fundi."

"Nyanzala hasemi hivyo." Akatafuta pumzi. "Wewe na mie tunamjua."

Felicitas akalifunga daftari, kwa kuwa ilikuwa kweli. Faraji akageukia ukutani. Alizikwa Alhamisi.

Baada ya arobaini Zubeda alikuja gengeni na mfuko wa plastiki, ndani yake kile kitabu, kimejaa vumbi la mbao kwenye mishono.

"Alikuwa akicheka peke yake nacho," alisema. "Mie kusoma najua, dada. Kinahusu nini?"

Kwa miaka mingi Felicitas alikuwa akilisubiri swali hilo kutoka kwa mtu yeyote. Alimtazama Zubeda, akaitazama kanga nyeusi aliyojitanda, akafikiria lango na kibuyu na kurasa zinazorudi nyuma.

"Hadithi tu," alisema, na kukiweka kitabu chini ya meza.

Mwezi uliofuata Jovina aliwaita wanunuzi wa karatasi chakavu. Walibeba maboksi yote kutoka jikoni, na Felicitas, aliyekuwa akimpimia mtu maharage, hakugeuza kichwa. Lile daftari alibaki nalo. Mara chache alilifungua, akasoma mistari yake miwili mitatu akijaribu kusikia kama kuna yoyote iliyo ya kitabu, akalifunga bila kuitambua.