Gurudumu la Upande wa Dereva

Wenzake gerejini walimwita Sumari "msafiri", ingawa hakuwahi kufika mbali zaidi ya Moshi. Ilitosha apewe bolti yenye kutu na brashi ya waya, akae kwenye kigogo chake mlangoni, na baada ya muda kidogo macho yake yalikuwa yameshakwenda. Aliyaona meno ya bolti yakizunguka na kupanda, yakizunguka na kupanda, naye akayafuata kama njia ya kwao mlimani Meru, ile inayopita migombani, ikaingia msituni, ikapotelea kwenye ukungu.

"Sumari!" Kuldip Singh, mwenye gereji, alikuwa akipaza sauti kutoka chini ya gari. "Umefika wapi leo?"

"Bado niko kwenye mibuni, Singasinga."

"Ukirudi niletee spana."

Asubuhi moja, miaka ile bendera ya Mwingereza ilipokuwa bado inapepea bomani, gari liliingia gerejini likivutwa na maksai. Kuldip akafuta mikono, akalitazama gari, akawatazama maksai.

"Mgonjwa nani hapa?" akauliza. "Hawa wa mbele au huyu wa nyuma?"

Nyuma ya gari alitembea mama mmoja aliyejitanda shuka, shanga zake zikilia polepole. Sumari aliinamisha kichwa, akamwita mama kwa lugha yake.

"Shikamoo, yeyo."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni Naipanoi, wa upande wa Ngaramtoni. Hili ni gari la marehemu mume wangu, Lerionka."

Lilikuwa gari kuukuu, la tangu kabla ya vita. Lerionka, mchuuzi wa ng'ombe, alilinunua kwa mlowezi aliyekuwa akirudi kwao, akamwahidi binti yake Namnyaki kwamba siku ya ndoa angempeleka kanisani ndani yake. Kisha akafa. Sasa ndoa ilikuwa Jumamosi ile. Lemburis, mdogo wa marehemu, ndiye angeendesha. Injini aliijaribu, ikaitika. Lakini gurudumu la mbele, upande wa dereva, mpira wake ulipasuka, na nati zilikataa kutoka. Magurudumu mengine yalifunguka bila shida. Hilo moja tu lilikuwa limeshikwa na kutu kama kitu kilichofukuliwa ardhini.

Kuldip alikuna ndevu. "Bolti hizi zikikatika, mama, hatuna nyingine. Nairobi pia hakuna. Mpaka zije kwa meli. Harusi itangoja meli?"

Naipanoi hakucheka. "Nimemwambia mtoto kwamba baba yake atampeleka," alisema. "Akienda kwa gari la mtu mwingine, nitakuwa nimemdanganya."

Sumari alimwagia nati mafuta ya taa, akazifunika kwa matambara yaliyolowa, akaziacha zinywe. Kesho yake alizipasha moto kidogo, akashika spana, akaanza kubembeleza: mbele kidogo, nyuma kidogo, huku amelaza sikio karibu na chuma. Nje manyunyu yalikuwa yakianguka kimya, na mlima haukuonekana kabisa. Nati ya kwanza ilitoa mlio mwembamba, kama mlango wa mbali, ikalegea. Moja baada ya nyingine zikafuata.

Lakini meno ya bolti yalikuwa yamelika, na ndani ya kutu mlikuwa na ukoko mweupe. Sumari aliukwangua kwa ukucha, akaunusa. Harufu ya kibuyu kilichosahauliwa. Akafuta ukucha kwa tambara, akarudi kazini.

Alichukua nati nzima, akaichanja mifereji kwa ndani kwa msumeno wa chuma, ili kingo zake ziweze kukwangua. Akaipaka mafuta, akaizungusha juu ya kila bolti taratibu, ikipita na kufufua njia. Bolti ya mwisho haikuwa na mwanzo. Meno ya nje yalikwisha kabisa, na nati iliteleza kila alipoishikisha.

"Sumari," Kuldip aliita.

Sumari alikuwa ukunguni, kwenye njia ya kwao, mahali mvua ilipofuta ukingo wote. Alipajua mahali pale. Mtu hasimami kutafuta mwanzo, huangalia mbele njia inapoonekana tena, kisha hurudi nayo. Ndani, karibu na shina la bolti, meno yalikuwa bado hai. Alishika tupa ya pembetatu na kuyafuata kwa kurudi nyuma, mstari mwembamba kama unywele. Kuldip alichuchumaa kando yake, akashika kopo la mafuta, akawa anadondosha tone kila tupa ilipopita. Nati ikashika. Ikapanda. Ikafika mwisho. Wakatia mpira mwingine, wakalifunga gurudumu.

Naipanoi alipokuja, Sumari alimsogeza pembeni.

"Yeyo, gurudumu hili ulilimwagia maziwa?"

Mama alitazama chini. "Kila asubuhi, tangu mume wangu alipoondoka. Nikishamnyunyizia Engai, Mungu wetu, nilimpa na marehemu, hapo alipokuwa akikanyaga kupanda." Akaligeukia gurudumu. "Ni mimi niliyeliharibu?"

Sumari alitamani kusema ni mvua. "Ni maziwa, yeyo. Chuma hakijui kunywa."

Shanga zilitulia. Kisha mabega ya mama yakaanza kutikisika, na Sumari akaogopa, mpaka aliposikia kwamba ni kicheko.

"Hata yeye hakuyapenda," alisema, akifuta macho kwa pindo la shuka. "Alikuwa mtu wa chai ya rangi."

Jumamosi Sumari aliomba ruhusa, akapanda lori mpaka Ngaramtoni. Alimkuta Lemburis ameshika usukani, Namnyaki ameketi nyuma kwa gauni jeupe. Naipanoi alitoka na kibuyu. Akasimama penye gurudumu la upande wa dereva, akamtazama fundi, kisha akainama na kumwaga maziwa ardhini, mbele ya mpira, kwenye majani mabichi aliyoyatandika barabarani.

Gari likayakanyaga. Likashuka taratibu kuelekea kanisani, na gurudumu lile kila lilipozunguka liliacha alama nyeupe vumbini, zikififia, zikififia. Sumari akazifuata kwa macho.