Mwanangu alimchagulia marehemu bibi yake kado ya Noeli, na babu ndiye aliyeipokea

Wakuu, salamu kutoka Uvira. Umeme umekatika na simu iko na chaji kidogo, kwa hiyo mnisamehe nikikosea herufi. Sikusimuliwa haya, yalinipata mimi na wanangu, na sitaongeza chumvi.

Mama yangu alitutoka katikati ya mwaka jana. Ugonjwa wa muda mfupi tu. Tukamzika kwetu Runingu, kule kwenye tambarare ya Ruzizi, akamwacha baba peke yake.

Hawa ni watu waliooana wakiwa vijana kabisa. Walilima shamba moja la mihogo na wakagombania mbuzi walewale mpaka wakazeeka.

Mimi nakaa mjini na watoto wawili. Amani alikuwa na miaka minane, mdogo wake Ishara mitano. Papa yao, mume wangu, anafanya kazi kwenye boti za mizigo za Kalemie, Noeli nyingi zinamkuta majini.

Sasa sisi tuko na desturi. Kila Noeli watoto wenyewe ndio wanachagua kado, yaani zawadi, za koko zao. (Koko huku kwetu ni babu au bibi: koko mume, koko muke; nao humwita mjukuu koko vilevile.) Mimi kazi yangu ni kulipa na kubeba. Ndiyo maana kuna mwaka mzee alipewa puto la rangi nyekundu, akalipokea kwa mikono miwili kama mtu anayepewa cheti.

Lakini mwaka ule hata hamu ya Noeli sikuwa nayo.

Wifi yangu, mke wa kaka, ndiye anayemtunza mzee kule kijijini. Alinipigia simu akiwa karibu kulia.

"Wifi, mzee hali. Anaonja kidogo tu, anasukuma sahani. Ukimwambia ongeza, anasema, 'Minye niko nangoja siku yangu tu.'"

Shamba lilikuwa limeota majani. Misa alikuwa ameacha kwenda.

Sisi watoto wake tukakubaliana: jina la mama lisitajwe mbele yake. Tukaficha mpaka nguo zake. Tulidhani huko ndiko kumhurumia.

Basi, siku chache kabla ya Noeli nikawapeleka watoto sokoni. Amani hakunisumbua, alichagua torchi. "Koko mume anatokaga inje na giza, ataanguka." Nikaona sawa, mtoto ana akili.

Ishara akasimama kwenye meza ya vitenge. Akashika kimoja cha njano kali, kina ndege wakubwa wa buluu.

"Mama, hii ni ya koko muke."

Wakuu, nikachuchumaa.

Nikamwambia taratibu, "Ishara, koko muke hayuko tena. Si ulikuwa pale tulipomuzika?"

"Najua."

"Sasa?"

"Sasa Noeli yake je?"

Mama muuza vitenge aligeuka akajifanya anapanga bidhaa. Nilijaribu kumshawishi mtoto achukue kofia ya koko mume, akakataa. Hakulia wala nini, alishika tu kile kitenge kwa nguvu.

Nikakinunua. Moyoni nilijiambia nitampa wifi, mtoto atasahau.

Mtoto hasahau, wakuu.

Siku ya Noeli tulifika Runingu mapema. Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti chake nje ya nyumba. Shati lilikuwa safi, ila lilimpwaya mpaka nikaangalia pembeni. Alitusalimu vizuri, akawashika watoto vichwa.

Amani akatoa torchi. Mzee akaiwasha, akaizima, akashukuru.

Mimi nilikuwa nimekificha kitenge chini kabisa ya begi, chini ya nguo. Ninageuka namna hii, naona Ishara ameshakitoa, anakikokota vumbini kuelekea kwa babu yake.

"Koko, na hii ni ya koko muke."

Wifi alikuwa anatoka jikoni na sahani ya ugali na ndagala, dagaa wa ziwani. Alisimama palepale.

Mzee akakipokea kile kitenge, akakinyanyua.

"Ya koko muke," akasema. "Sasa minye nitamupatia wapi?"

Ishara akamjibu kama mtu anayeeleza jambo rahisi sana:

"Utamupelekea. Weye ndiye mukubwa, utafika mbele yetu."

Ningeweza kujifukia ningejifukia. Nikaanza, "Baba, umusamehe, ni mutoto..."

Mabega ya mzee yakaanza kutikisika. Nikajua tumemuua sasa.

Alikuwa anacheka! Alicheka mpaka akakohoa, na machozi yakafuata nyuma ya kicheko, akayaacha yatiririke bila kuyafuta. Akamvuta Ishara, akamweka magotini.

"Sawa," akasema. "Nitamupelekea. Lakini koko, sitaenda mbio. Unasikia?"

"Hapana haraka," Ishara akasema. "Kula kwanza."

Wifi akaweka sahani mbele yake. Mzee akanawa, akala. Si kwamba alimaliza yote, lakini alikula, na akaomba pilipili.

Katikati ya kula akakinyanyua tena kile kitenge.

"Feza angeikataa hii rangi mbele ya watu wote," akasema. "Halafu angeivaa kila dimanche kanisani."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi tumsikie akitamka jina la mama. Hapo akafunguka. Aliongea juu yake mchana mzima, sisi tukicheka na kulia kwa zamu, wifi akienda jikoni kupangusa uso na kurudi.

Sitawadanganya kwamba huzuni iliisha siku hiyo. Bado ziko siku anakaa kimya. Lakini mwezi uliofuata alirudi shambani na jembe lake. Wifi alipokitamani kile kitenge, aliambiwa kina mwenyewe.

Nilichojifunza: wazee wetu tunawachagulia blanketi na dawa tukidhani ndiyo shida yao. Baba alikuwa na njaa ya mtu wa kumtajia mke wake. Sisi watu wazima tulikuwa tumemfungia mlango huo kwa upendo kabisa.

Waacheni watoto wachague. Na mtoto akichagua kitu kinachokutia aibu, subiri kidogo kabla ya kumrekebisha.

Wenye wazee waliobaki peke yao, nyinyi mnawapelekea nini? Ninauliza kwa sababu Noeli inakaribia tena, na Ishara ameshaamua: koko mume apelekewe mtoto wa mbwa, wa kuongea naye jioni. Mzee hapendi mbwa hata kidogo.

Kubishana nimeacha. Mniambie tu, mbwa anabebwaje kwenye pikipiki?