Mita mbili zilicheza vizuri, ya tatu nikaipuuza: tangazo la mama wa Kikongo

Wakuu, habari za jioni.

Haya yalinitokea mimi mwenyewe. Kama ningekuwa natunga, ningejipa sehemu nzuri zaidi.

Miaka ile wakimbizi wa Kongo wanarudishwa kwao kwa meli, nilirudi Kigoma na diploma ya sauti kutoka Nairobi. Ada nilijilipia kwa kuuza dagaa wa Katonga, hakuna mjomba aliyenishika mkono. Redio moja pale mjini wakanikabidhi studio nzima. Fundi mwenye cheti nilikuwa mimi tu, na nilihakikisha kila mtu anajua.

Kwenye kompyuta kulikuwa na mita tatu. Mbili zinaonyesha ukubwa wa sauti, kushoto na kulia. Ya tatu ina mshale. Ukilala kulia, shwari. Ukilala kushoto, pande mbili zinapingana, na kwenye redio ya spika moja zinafutana, sauti inapotea.

Hilo nililijua. Nililijibu kwenye mtihani.

Jumatatu akaja mama mmoja wa Kikongo, amefikia Buzebazeba. Anamtafuta mwanawe, Bahati, aliyeko kambini. Meli yao ni Alhamisi. Akarekodi mwenyewe: "Bahati, mama yako niko Kigoma. Kuya mbele ya Alhamisi, turudi pamoja." Yaani aje kabla ya Alhamisi.

Nikamwekea muziki laini chini yake. Mita mbili zinacheza vizuri mno. Ila kila mara mama akiongea, mshale wa ile ya tatu unaanguka kushoto.

Nikasema hiyo mita ni mbovu. Kwenye headphone, masikio yote mawili, si namsikia?

Tangazo likaenda hewani siku hiyo hiyo.

Jumatano akarudi. Amelisikiliza kwenye redio ndogo ya mwenyeji wake.

"Baba, sauti yangu haiko mule. Iko miziki tu."

"Mama, mimi hii kazi nimeisomea. Hiyo redio yenu imechoka."

Akaniomba radhi. Wakuu, ALINIOMBA RADHI.

Alhamisi meli ikaondoka, naye ndani.

Ijumaa mlinzi wetu, mzee wa Ujiji, akanisimamisha getini. "Msomi, lile tangazo la muziki mtupu mnatangaza nini?"

Ana kiredio chake cha spika moja. Nikaweka sikio. Muziki upo, mama hayupo.

Waya wa maiki, niliouunga kwa mikono yangu, ulikuwa umegeuza upande mmoja. Nikaurudisha upande huo sawa kwenye kompyuta, dakika mbili tu, mama akatokea. Likarushwa tena mchana ule, angalau Bahati ajue alitafutwa.

Jumamosi asubuhi Bahati yuko getini, kijana wa miaka kama ishirini, begi mgongoni.

"Kaka, mama yuko wapi?"

Nikamwambia meli ilishaondoka.

"Mlianza kutangaza lini?"

"Jumatatu."

Akashika kichwa. "Basi ni mimi. Redio ninayo kutwa, sijui nilikuwa nasikiliza nini."

Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema: si wewe, ni mimi. Sikuisema. Nilimnunulia soda, nikamwacha aende akijilaumu. Mpaka leo sijui kama walionana.

Nilichojifunza: kila kazi naisikiliza kwanza kwenye redio ndogo. Na mtu akiniambia hajisikii redioni, namwamini kabla ya cheti changu.

Hilo ndilo rahisi. Mafundi wenzangu, aliyewahi kukosea hivi akamwambia mhusika ukweli usoni, alianzaje? Niandikieni hapa chini, hata kama ni kunitukana.