Karanga za Kutupa na Ini Langu

Jamani, mnicheke tu. Nina homa ya ini sugu. Daktari alinieleza kuwa ini likiugua miaka mingi, swichi zinazowasha na kuzima jeni huvurugika, jeni zenyewe zikibaki vilevile, na saratani hupata njia. Akanikataza kabisa karanga zenye ukungu, maana sumu yake hushambulia ini.

Juzi pale Msimbazi, kwa Mama Zuhura muuza karanga, nikawahutubia wateja kama profesa, mimi wa masomo ya jioni: "Iliyosinyaa, tupa!"

Mama Zuhura alikuwa akichambua, mbovu anaziweka kando, kama marehemu mama uani kwetu mtaa wa Gerezani. Watoto tulizigombania zile mbovu. Tuliziona tamu kuliko pilau la Idi. Nikamkumbuka mama, machozi yakanilenga.

"Profesa," Mama Zuhura akasema, "hebu tema. Lundo langu la kutupa umelimaliza."