Mgeni Aliyetikisa Kikombe

Sikulazimishi uamini, lakini nakwambia mapema kwamba mimi si mtu wa kuona mashetani. Kazi yangu kwa miaka mingi ilikuwa kuwatembeza watalii Nizwa na Bahla, huku Oman. Karibu kila siku nilikuwa nikiwasimulia habari za majini wa Bahla, wakacheka na kupiga picha, kisha nikarudi nyumbani, nikala na kulala fofofo. Muuza samaki hashtushwi na shombo. Hili ninalokusimulia nililiona nikiwa kazini, akili zangu timamu, na tumboni nina wali wa mchana.

Ilikuwa miaka ya elfu mbili, Wachina walipoanza kuja kwa makundi. Kundi lenyewe lilitoka Guangzhou, mji mkubwa ambao wafanyabiashara wetu waliujua vizuri kuliko mimi, maana huko ndiko walikokwenda kununua vitambaa na taa. Kiongozi wao alikuwa mama wa makamo, jina lake Mei. Kwao alifanya kazi ile ile yangu: kuwatembeza Waarabu na Waafrika mjini Guangzhou, akiwaonesha mto, maghorofa na msikiti wao wa kale. Kiarabu chake kilikuwa cha kitabuni, ila kilitosha. Mkononi alishika kibendera cha manjano, na watu wake walikifuata kama vifaranga.

Sasa nikujulishe Bi Zuwena. Kituo chetu cha mwisho siku zote kilikuwa nyumbani kwake, mtaa wa zamani karibu na ngome ya Nizwa, ambako wageni walikunywa kahawa na kuonja halua ndani ya nyumba ya udongo ya kweli. Bi Zuwena alizaliwa Unguja, akaja Oman baada ya mapinduzi, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha mjini cha zamani. Mimi nimezaliwa Bujumbura, basi kila nikifungua mdomo alikuwa na la kunisahihisha. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Nasor, rafiki yangu tangu skuli. Nasor alilala mzima, asubuhi hakuamka. Jeneza lake nililibeba, na kaburini nilikuwa mmoja wa waliompokea. Liweke hilo akilini.

Halafu majirani wakamharibia bibi wa watu. Huku kijana akifa ghafla bila ugonjwa, wapo watakaosema hakufa. Watasema kachukuliwa na wachawi, na kilichozikwa ni gogo lililovishwa sura yake. Humwita mughayyab, yaani aliyefichwa. Sisi tuliotoka bara tungesema msukule. Wakamwambia Bi Zuwena kwamba iko siku atapita mbele yake, na siku hiyo amshike mkono, amwite kwa jina lake na la mama yake, Nasor mwana wa Zuwena, naye atarudi.

Imamu alimkataza. Kaka yake alimgombeza. Hakusikia la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Kanzu za Nasor zilifuliwa na kupigwa pasi kila Alhamisi, na moja ilitundikwa msumarini tayari kuvaliwa. Na hiyo kahawa ya watalii, unadhani aliikubali kwa ajili gani?

"Hawa wanazunguka dunia nzima," aliniambia. "Iko siku mmoja ataniletea habari zake."

Kila kundi alilitolea picha ya Nasor, nami nikatafsiri swali lake. Wageni walitikisa vichwa kwa huruma wakarudi kwenye halua yao. Macho yake wakati huo yalishaingia ukungu, akiona vivuli tu.

Siku ya kundi la Mei tulitoka soko la mapambo ya fedha jua limeinama. Nyuma ya wote alikuwapo mwanamume mwenye kofia pana na jaketi jepesi, kama walivyovaa wenzake, nami nikamhesabu kuwa wao. Tulipofika njia panda ya vichochoro, Mei alinyoosha kibendera kwenda mbele, na kundi zima likamfuata kabla sijamwita. Yule mtu peke yake alikata kulia, ambako ndiko kwenye njia ya kwa Bi Zuwena. Nikajisemea labda ana ramani, nikawarudisha wengine, tukamkuta mlangoni akingoja.

Mlango wa Bi Zuwena ni mfupi, na mimi siku zote husimama pale nikipiga kelele, "Kichwa! Kichwa!" Hata hivyo Wachina wawili walijigonga. Yule wa mwisho aliinama bila kutazama, akapitisha kiganja chake juu ya boriti, akaingia. Nikajisemea tena, huyu mtu ni mwangalifu. Mtu asiyetaka kuona hakosi sababu.

Magharibi ilikuwa imeshaadhiniwa, na taa imewashwa. Wageni walikaa kwenye mikeka kuzunguka ukuta. Bi Zuwena alimimina mwenyewe, dele la kahawa mkono wa kushoto, kikombe mkono wa kulia, akipita mkono kwa mkono kwa kupapasa, akimwambia kila mgeni, "Tafadhal," yaani karibu. Pengine hujui kahawa yetu. Mwenye nyumba anamimina, ukimaliza anamimina tena, mpaka utikise kikombe kidogo kwa kifundo cha mkono, ndipo ajue imetosha. Mimi kwa utundu wangu siri hiyo huwa siitoi mapema. Wachina, kwa adabu yao, walikuwa wanakunywa na kunywa, na mmoja alishaanza kutokwa na jasho. Nilikuwa najizuia nisicheke.

Bi Zuwena akafika kwa yule wa mwisho, kwenye pembe chini ya dirisha. Kofia kaivua, kaiweka gotini. Alikuwa Nasor.

Niamini. Hakuwa amezeeka wala amekonda. Alikuwa anatazama boriti, sahani za ukutani, na ile kanzu yake msumarini, kwa namna wanavyotazama watalii, kwa heshima na bila kuijua. Niliogopa, sina haja ya kujitia ushujaa. Kilichoniogopesha zaidi si maiti kukaa mkekani, ni vile alivyoitazama kanzu yake kama kitu cha makumbusho.

Bi Zuwena alimpa kikombe, vidole vyao vikagusana. Hakusema tafadhal.

"Chukua, baba," alisema, kwa Kiswahili.

Akanywa. Akamiminiwa cha pili, akanywa. Kisha Bi Zuwena aliweka dele chini, akamshika kifundo cha mkono. Nilijua anachotaka kufanya. Kwa miaka yote hiyo alikuwa akiingoja nafasi hiyo moja, na sasa alikuwa nayo mkononi. Nilitaka amwite, na nilitaka asimwite, yote kwa pamoja. Mdomo wake ulifunguka.

Nasor akatikisa kikombe. Taratibu, kulia na kushoto, kama tulivyofundishwa sote tulipokuwa wadogo.

Bi Zuwena alibaki ameinama. Kisha aliuachia ule mkono, akakipokea kikombe, akaokota dele lake.

"Haya," alisema. "Umeshiba."

Picha hakuitoa usiku ule. Wageni walishukuru, wakavaa viatu, wakatoka. Kwenye basi Mei aliwahesabu watu wake, wote walikuwapo na hakuna kiti kilichobaki. Nikamuuliza yuko wapi yule mwenye kofia aliyekaa chini ya dirisha.

Mei alinitazama akidhani namtania. "Pale hapakukaa mtu," alisema. "Mama alimimina kahawa kwenye pembe, akainama, kisha akakitikisa kikombe mwenyewe. Niliwaambia watu wangu wanyamaze. Hata sisi kwetu tunawamiminia waliokufa. Si ndiyo mila yenu?"

Nilimwambia ndiyo. Basi likaenda na dereva, mimi nikarudi kwa Bi Zuwena. Nilimkuta kakaa pale pembeni, kikombe kipo mapajani.

"Shikamoo, Bi Zuwena."

"Marahaba. Umemuona?"

"Nimemwona nani?"

"Usinifanye mimi mtoto. Macho mabovu ni yangu, yako mazima. Umemuona?"

Nikasema nimemwona.

"Kakonda?"

"Hakukonda."

"Alhamdulillahi."

Nikakaa karibu yake. Nilimuuliza mbona hakumwita, na mkono alikuwa nao.

"Jina lilikuwa hapa," alisema, akigusa midomo yake. "Kisha mwenyewe akatikisa kikombe. Umeona wapi wewe, mgeni keshatikisa, mtu akammiminia kwa nguvu? Mimi ndiye niliyemfunza, mdogo hivi. Akitikisa, khalas."

Hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Nami nililia.

Kesho yake aligawa nguo zote. Ile kanzu ya msumarini alinipa mimi. Imamu nilipomsimulia alisema ni shetani aliyejigeuza, na huenda kweli, yeye ndiye aliyesoma. Bi Zuwena aliendelea kuwapikia watalii kahawa mpaka Mungu alipomchukua, ila picha hakuitoa tena, na Alhamisi pasi yake ilikaa baridi. Mimi nimebaki na kasoro moja. Siwezi kutikisa kikombe. Nikishiba naziba kwa kiganja, na watu wananicheka kuwa nimekaa na wageni mpaka nimekuwa mgeni.

Basi wewe, kama unaye wako uliyemzika na bado unamngoja, sikukatazi kumpikia kahawa. Lakini akija akaketi kwako kama mgeni, usimtazame usoni, utapotea. Mtazame mkono. Akitikisa kikombe, kipokee.