Damu Yangu Kando ya Damu ya Mama Mapendo

Siku yangu ya kwanza katika maabara ya hospitali ya Masisi, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, daktari mkuu, Mbelgiji, alinisogezea darubini. "Hapa unahesabu," akasema kwa Kiswahili chetu cha Kongo. "Kufikiri njo kazi yangu."

"Na nikihesabu kitu ambacho hukukifikiria, Docteur?"

Papa Anselme, muuguzi mkuu, akanikanyaga mguu.

Lo, kazi ile! Tulitoboa kidole, tukavuta damu kwa mrija wa kioo, tukaichanganya na maji ya kuyeyusha chembe nyekundu. Tone likiwekwa kwenye kioo chenye miraba, chembe nyeupe, zile zinazopigana na magonjwa, zilibaki ziking'aa.

Miaka michache baadaye daktari, Papa Anselme na mimi tulihamishiwa hospitali ya Walikale. Huko akaletwa Mama Mapendo, mkulima wa mihogo, mwenye saratani ya damu. Chembe nyeupe mbovu zilijaa hata sikuona mistari. Daktari akampa vidonge vipya kutoka Ulaya. Kila wiki hesabu ilishuka, nasi tukashangilia, mpaka nikaanza kujiuliza: itasimama wapi?

Asubuhi moja miraba ilikuwa karibu mitupu.

"Umekosea," daktari akasema. "Jana ulikunywa ile pombe ya kasiksi?"

"Hata tone, Docteur."

Nilirudia. Mitupu. Au maji yangu yameharibika, yanaua kila chembe? Nikatoboa kidole changu, nikatumia maji yaleyale, kioo kilekile. Zangu zilikuwa tele! Daktari akaangalia zangu, kisha za Mama Mapendo, akamgeukia muuguzi.

"Anselme, simamisha vidonge. Leo hii."

Lakini sasa hata mafua ya mgeni yangeweza kumuua Mama Mapendo, na Walikale nzima ilikuwa ikija kumpa mkono. Nikamwita mumewe, Papa Bahati, mwindaji, aangalie mwenyewe vioo vyote viwili.

"Ya kwako iko mingi," akasema. "Ya bibi yangu, walinzi wameenda wapi?"

"Dawa imeua wabaya na wazuri pamoja."

"Basi mulinzi njo miye."

Akaketi mlangoni. Aliwarudisha mashemeji, akamrudisha pasta, na siku ya tatu daktari mwenyewe, aliyekuja akipiga chafya.

"Mimi ni daktari!"

"Njo maana unajua kunipita, Docteur. Rudia kule na mafua yako."

Daktari akawa mwekundu, kisha akacheka na kumsalimia mgonjwa kupitia dirisha.

Wiki zikapita. Siku moja nikaona chembe mbili, halafu tano, halafu nikaacha kuhesabu, nikakimbia mpaka mlangoni.

"Zinarudi, Papa Bahati! Zinarudi!"

Hakuinuka. "Rudilia kuhesabu. Na utie ya kwako pembeni."

Mama Mapendo alirudi nyumbani, akavuna mihogo misimu miwili kabla ugonjwa haujamrudia. Mimi nimestaafu, na mashine huhesabu kwa dakika moja. Juzi kijana wa maabara aliniambia mashine yake haikosei. Nikamkunjulia kidole changu.

"Toboa," nikamwambia. "Tuone."