Dakika Nne za Baba

Harufu ya vumbi ndiyo iliyonikalisha chini. Nilikuwa nikiwasaidia wazazi wangu kufunga vyombo, wahame kutoka nyumba yetu ya kupanga ya Langley Park, nilipokuta daftari jekundu lililofungwa kwa mpira. Nililinusa kabla ya kulifungua. Vumbi lile halikuwa la Marekani. Baba alilileta kutoka Nakuru katikati ya kurasa, na hakukubali mtu alipanguse.

Lazima nikwambie mapema kwamba baba yangu hakuwa dereva. Watu wakisikia aliwahi kushiriki mbio za magari za Pasaka, zile za zamani zilizopita kwenye matope na mawe siku kadhaa mfululizo, hudhani alishika usukani. Hapana. Alikuwa mwelekezi, yule anayekaa kando ya dereva, daftari magotini, akimsomea kona moja baada ya nyingine na kuichunga saa. Huku Marekani hata leseni hakuwahi kuwa nayo. Mama aliendesha, baba akasoma. Hata tukienda tu kununua unga utamsikia: "Kulia nyepesi, mita mia mbili, taa!"

Na mama: "Ai, Baba Nyambura, taa naiona. Ni nyekundu kama kawaida."

Katika mbio hizo kila gari lilitakiwa kuingia kituo cha ukaguzi kwa dakika iliyoandikwa kwenye kadi. Ukichelewa unapewa adhabu, na ukiwahi unapewa pia. Mwaka wake wa mwisho, baada ya siku nzima ya mvua, baba alikiona kituo mbele yao akafurahi mno, akamwambia dereva aingie. Waliingia dakika nne kabla ya wakati. Dakika hizo ziliwanyima kikombe. Pasaka iliyofuata dereva akachukua mwelekezi mwingine. Baba alitusimulia kisa hicho mara moja tu, akiwa ametazama dirishani.

Kuanzia hapo hakufika tena mapema mahali popote, wala hakuchelewa. Mwaliko ukisema saa nane, Wakenya wenzetu wa kanisani walifika saa kumi bila haya. Sisi tulijibanza garini nje ya nyumba ya watu, halafu saa nane kamili baba alibisha hodi na kumkuta mwenye sherehe ana rola za nywele kichwani na kuku bado mbichi. Neno "kabla" hakulitambua hata kidogo. "Kabla si saa," alikuwa akisema. "Nipe saa." Shule yangu iliandika kwamba wanakwaya wafike robo saa kabla ya tamasha. Tulifika tamasha linaanza, nikauimba wimbo wa kwanza nikiwa mlangoni. Nilinuna siku tatu.

Mama alikuwa muuguzi kule nyumbani. Huku aliwaogesha na kuwalisha wazee huko Temple Hills, na jioni alisoma vitabu vyake mezani miguu ikiwa kwenye beseni la maji ya moto. Mwaka niliotimiza miaka kumi, katikati ya miaka ya elfu mbili, alipata siku ya kufanya mtihani wa leseni ya uuguzi, huko Fairfax, ng'ambo ya mto. Alikuwa ameshaanguka mara moja. Nilimsikia akimwambia baba kwamba akiikosa siku hiyo hana nguvu za kuanza upya.

Baba akalichukua jambo hilo kama mbio. Simu za kuonyesha njia hatukuwa nazo. Jumapili mbili mfululizo alikwenda Fairfax kuikagua njia. Kipande cha barabara kuu aliomba rafiki wa kanisani ampitishe, na mitaa iliyobaki akaitembea kwa miguu akiandika kila njia panda. Wikendi ya mwisho televisheni ilionyesha yale mashindano ya Ufaransa ya saa ishirini na nne, madereva watatu wakipokezana gari moja. Baba aliyatazama huku akichora mishale daftarini. "Hawa wanazunguka tu," alisema. "Hakuna hata ng'ombe barabarani."

Siku yenyewe ilikuwa ya Juni, shule imefungwa, na hapakuwa na mtu wa kunibakiza naye. Saa ya kufika ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi. Mama ndiye aliyemtajia baba. Karibu na daraja la mto Potomac magari yaligandamana, nikaona shingo ya mama imekakamaa. Baba hakuinua sauti. "Njia ya kutokea inayofuata, kulia kali, shuka, kanisa la matofali, kushoto." Mama alipinda kila alipoambiwa. Tulipoegesha mbele ya jengo, baba aliangalia saa yake ya mkononi akasema tuna dakika kumi na moja. Kwa hiyo tukangoja.

Nilikuwa nikitafuta biskuti kwenye mkoba wa mama nilipoikuta barua ya mtihani. Mstari mmoja ulikuwa umekolezwa wino. Ulisema mtahiniwa afike nusu saa kabla, na atakayechelewa hataruhusiwa kuingia. Niliona mambo ya kwaya yanajirudia, ila safari hii ni mama atakayeachwa mlangoni.

"Daddy, wameandika thirty minutes before! Mum tayari yuko late!"

Baba aliipokonya ile barua. "Nimerudia," alisema kwa sauti ndogo. "Mungu wangu, nimerudia tena." Alikuwa ameshafungua mlango atoke mbio.

Mama alimshika bega. "Kaa chini. Soma mtihani unaanza saa ngapi."

Alisoma. Saa tatu.

"Saa mbili na nusu ndiyo nusu saa kabla," mama alisema. "Wewe hutaki kabla, unataka saa. Nikakupa saa."

Baba alicheka hadi akafuta macho, nami nikacheka na kulia kwa pamoja kwa jinsi nilivyofarijika. Kisha akaitazama saa yake. "Bado dakika nne," alisema. Mama akaegemeza kichwa kwenye kiti akafumba macho. Dakika zilipokwisha, baba alisema, "Ingia," naye akashuka.

Alifaulu. Amekuwa muuguzi hadi juzi alipostaafu. Kwa miaka mingi nilikisimulia kisa hiki kama kichekesho cha jinsi mama alivyomzidi baba akili. Nilishakuwa mtu mzima, nina mitihani yangu niliyoitetemekea, ndipo nilipoziona zile dakika nne. Mlango wa jengo ulikuwa wazi. Mama angeweza kuingia, anywe maji, atulize moyo. Asubuhi aliyoiogopa kuliko zote alikaa garini akangoja, ili mumewe aingie kituoni kwa wakati.

Siku hizi mbio za Kenya zimerudi, fupi kuliko za zamani, na baba huzitazama kwenye simu akizikosoa. Siku ile ya kufunga vyombo nilifungua daftari jekundu ukurasa wa mwisho. Njia ya Fairfax ipo yote, na mishale yake. Chini kabisa kuna mwandiko wa mama ambao sikuwa nimewahi kuuona: "Saa mbili na nusu kamili. Hakuna adhabu."